Mtoto wa Majaribio

Mwalimu alikuwa mtu wa kuudhi. Naanza na hilo kwa sababu najua tabia yetu: mtu akishaondoka machoni tunaanza kummwagia sukari. Mimi nilikaa mbele yake darasani Ihanda nikiwa mtoto, na baadaye nikakaa naye chumba kimoja cha ofisi pale Kayanga karibu miaka miwili, basi nina haki ya kusema. Ukimpa shikamoo, anaitikia marahaba, halafu hapo hapo anakuuliza swali. Si la habari za nyumbani. Atakuuliza kama mlango umeufunga kwa ufunguo au umeusukuma tu, na unajuaje.

Alikotoka sikuwahi kumuuliza. Kwamba alivuka mto wa mpakani zamani, mimi sijazaliwa, hilo lilijulikana Ihanda nzima, maana Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo hadi mwisho. Mtu akimchokonoa kuhusu ukoo wake alikuwa anasema, "Niulize ninachofanya. Nilikotoka niachie mwenyewe." Basi tukamwachia.

Kitu kimoja cha darasani lazima nikisimulie, maana bila hicho huwezi kumwelewa. Mwaka ule wa vita, magari ya jeshi yalipokuwa yanapita kwenda mpakani, wazazi wengi waliwahamisha watoto kwa ndugu zao. Darasa likabaki nusu. Mwalimu aliendelea kuita majina yote ya rejista, waliopo na wasiokuwepo, na kwa asiyekuwepo alikuwa anasubiri kidogo kabla ya kwenda kwa anayefuata. Sisi tulikuwa tunachoka. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, huyo amehamia Muleba." Akasema, "Najua. Namwita tu." Nikapigwa jicho mpaka nikakaa.

Miaka ya tisini, watu walipovuka tena mto, safari hii kwa maelfu, kambi zikafunguliwa huku kwetu, na shirika moja la misaada likapanga nyumba Kayanga kwa kazi ya kuwaunganisha watoto waliopotea na wazazi wao. Lilileta kompyuta mbili na jenereta. Fundi wa kizungu aliyekuja nazo alikaa miezi michache, akamfundisha Mwalimu kuandika programu, akaenda zake. Mwalimu alikuwa ameshastaafu ualimu, macho yake yanataka miwani miwili. Alizoea kuiandika programu kwanza kwenye daftari la mistari, kwa kalamu, ndipo aiingize kwenye mashine. Mimi niliajiriwa karani, kazi yangu kupiga chapa.

Programu iliyotoka makao makuu, kule Ulaya, ilikuwa inauliza jina la ukoo. Mwalimu alipoiona alicheka, jambo lililokuwa adimu. Watu wale hawana jina la ukoo la kurithishana. Baba ana lake, mtoto ana lake, na mdogo wake ana lingine kabisa. Ukiwapanga kwa jina la baba utapata watoto elfu wasio na baba. Kwa hiyo aliandika yake mwenyewe, inayouliza mlima waliotoka, jina la mama, majina ya ndugu, alama za mwilini, jirani alikuwa nani, ng'ombe wao alikuwa na rangi gani. Programu ile ilifanya kazi. Nimeona kina mama wakizimia pale uani kwa sababu ya programu ile, kwa hiyo asiniambie mtu haikuwa kitu.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu mkubwa. Chini ya programu zote za kompyuta kuna ile moja inayoibeba mashine yenyewe, wanaiita mfumo endeshi. Watu wengi huuweka mfumo mmoja wakakaa nao miaka. Ule ambao fundi alimwachia Mwalimu haukuwa wa hivyo. Ulikuwa unatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, kila mmoja anarekebisha chake na kutuma, kwa hiyo ulikuwa unabadilika kila uchao. Kila baada ya wiki mbili tuliletewa bahasha ya disketi: ndege hadi Mwanza, meli hadi Bukoba, gari la ofisi hadi Kayanga, na vumbi la barabara hiyo unalijua. Mwalimu anazipangusa moja moja kwa kitambaa cha miwani, anaanza kuingiza mfumo mpya. Na kila mara kitu fulani kilichokuwa kizima jana, leo kimekufa.

Nilikuwa namwambia, "Mwalimu, si tubaki na huu wa zamani unaofanya kazi?"

"Makao makuu watabaki nao?"

"Hawatabaki."

"Basi siku moja watatulazimisha wa kwao, na mabadiliko ya miaka mitatu yataniangukia kwa mpigo. Habari mbaya ni kama kwinini. Kunywa kidogo kidogo."

Na huyo anayesema hivyo alikuwa na koti moja tangu nikiwa darasa la tatu. Baiskeli yake ilikuwa na kiti cha ngozi kilichopasuka, tukamchangia kingine, akakitundika ukutani, akaendelea kukaa kwenye mpasuko. Kikombe chake ukikisogeza upande wa pili wa meza hanywi chai siku hiyo. Katika dunia nzima alikubali kitu kimoja tu kibadilike kila wiki mbili, na kitu chenyewe ni kile nilichotaka mimi kikae palepale.

Ila hakuwa mjinga. "Sufuria mpya ijaribie maji," alizoea kusema, "usianze na maziwa." Mashine moja tuliita ya kazi, hiyo ilikuwa na orodha ya kweli na mfumo aliokwisha kuukagua. Nyingine tuliita ya mbele. Hiyo ndiyo iliyolishwa kila mfumo mpya, na alikuwa ameipa maagizo ya kujiendesha. Ukishaingiza disketi ya mwisho unabonyeza kitufe kimoja, mashine inaiunda programu ya Mwalimu upya tangu mstari wa kwanza, inaiendesha, inaijaribu, inaandika jibu. Hakuna mkono wa mtu. Ilichukua karibu saa nzima, na saa hiyo Mwalimu alikaa mbele yake anatafuna kahawa, zile buni za kuchemsha na kukausha, anazitoa mfukoni moja moja. Ukimsemesha hajibu.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Alitunga watoto kumi na wazazi kumi. Programu inapewa wote wakiwa wamechanganywa, nayo inatakiwa kumrudisha kila mtoto kwa mzazi wake. Ikitoka kumi kwa kumi, programu ni nzima. Ikitoka tisa, imevunjika, na hakuna kwenda nyumbani. Watoto wale aliwatunga kwa uangalifu wa kuudhi, kama kawaida yake. Majina ya kawaida, umri wa kawaida, alama za kawaida. "Nikiwatunga vibaya," alisema, "nitakuwa najaribu upuuzi." Mmoja aliitwa Uwimana: msichana, miaka sita, kovu goti la kushoto. Wote kumi aliandika kwamba wanaishi Kayanga. Kayanga hapakuwa na kituo cha watoto hata kimoja, kwa hiyo ofisini kila mtu akiona neno Kayanga anajua huyu ni wa majaribio. Tulijiona tuna akili sana.

Kulikuwa na ulinzi mwingine, na huo ulikuwa juu yangu. Kila Ijumaa, kabla orodha ya watoto wanaotafutiwa wazazi haijaenda kubandikwa kambini, Mwalimu alitaka isomwe kwa sauti, jina kwa jina, kama rejista, na kila jina nililosoma niliweke alama ya penseli. Kurasa nane, tisa. Koo linakauka. Yeye anasikiliza akiwa na kazi yake, na akisikia kitu anasema, "Rudia hapo."

Ijumaa moja Mwalimu alikuwa ameitwa Bukoba. Mfumo mpya ulikuwa umeingia siku iliyotangulia na jibu lilikuwa kumi kwa kumi. Dada yangu alikuwa anaagwa kwa harusi wiki ile na fundi wa gauni langu alikuwa ananisubiri sokoni. Niliitazama ile kumi kwa kumi nikajiambia, mashine imeshasema. Nikachapa, nikampa dereva karatasi, nikaenda kupimwa gauni. Sikusoma hata jina moja.

Kilichotokea nilielezwa baadaye. Mashine mbili zile zilikuwa zimeunganishwa kwa waya, na mfumo mpya ulikuwa umebadilisha mahali pa kuhifadhia vitu. Jaribio, badala ya kuandika kwenye sehemu yake, likaandika kwenye orodha ya kweli. Na kwa kuwa watoto wote walirudi kwa wazazi wao kama inavyotakiwa, lilijipa kumi kwa kumi. Hakuna aliyekuwa ameliambia liangalie limeandika wapi.

Mwalimu alirudi Jumamosi asubuhi, akaona orodha imenenepa kwa watu kumi. Hakunitafuta. Alipanda baiskeli yake, akaenda hadi kambini, upande wa Kyerwa, ambako siku hizo kote kulikuwa Karagwe tu, akabandua karatasi zote kwenye mbao. Alifika kachelewa kwa mtu mmoja.

Jumatatu tulimkuta mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini, ametembea siku mbili. Kusoma hakujua; mtu alimsomea ubaoni. Mkononi alishika kandambili za mtoto, mpya, bado zimefungwa pamoja kwa uzi.

Walizungumza kwa lugha yao. Mimi kwa Kinyambo changu, kinachokaribiana nayo, niliambulia karibu yote.

"Nimemfuata Uwimana," alisema.

Mwalimu alimpa kiti. Alikaa naye goti kwa goti, akamweleza pole pole kwamba kuna makosa, kwamba yule si mtoto wa kweli, ni wa kupimia mashine, amemtunga yeye mwenyewe kichwani.

"Mtoto hatungwi," yule mama alisema. "Ana miaka sita?"

"Niliandika sita."

"Ana kovu goti la kushoto?"

"Niliandika hivyo."

"Basi ulimwona. Kama hukumwona ulijuaje?"

Mwalimu, mtu wa kukuuliza unajuaje, safari hii aliulizwa yeye. Watoto wangapi wa miaka sita wana kovu gotini? Wangapi wanaitwa Uwimana? Hilo huwezi kumwambia mama akiwa ameshika kandambili. Tulitafuta kwenye orodha ya kweli siku nzima, na siku zilizofuata, kwa kila njia. Wake hakuwemo.

Alikuja tena. Akawa anakuja kila baada ya wiki mbili tatu, anapata lifti ya lori la chakula, anakaa uani, anauliza. Mwanzoni alikuwa anabishana. Baadaye akaacha kubishana. Siku moja alimwambia Mwalimu, mimi nikiwa hapo na karatasi mkononi, "Hata kama ni wewe uliyemtunga, usimfute. Kwingine kote nilikouliza wamesema hayumo. Pale kwako yumo."

Mwalimu akasema, "Simfuti."

Ungedhani ni neno la kumpoza mgeni. Kwa Mwalimu ahadi ilikuwa ahadi. Wale tisa aliwaondoa kwenye orodha ya kweli, Uwimana akamwacha, na mimi nikawa namruka kila ninapochapa. Balaa ni kwamba baada ya kosa lile Mwalimu alikuwa ameongeza jaribio la kumi na moja: mashine iikague orodha ya kweli, ikimkuta humo mtoto yeyote wa majaribio, ipige kelele. Ikawa inamkuta. Kila bahasha ya disketi, kila mfumo mpya, saa nzima ya kutafuna kahawa, na mwisho mashine inaandika: KOSA MOJA.

Majibu yale yalikuwa yanatumwa makao makuu. Wakaandika barua kuuliza. Wakaandika ya pili. Halafu wakamtuma mtaalamu, kijana mwenye adabu, akaangalia, akaona dawa papo hapo. "Mzee, badilisha jina la huyu mtoto kwenye majaribio. Au iambie mashine imruke. Dakika moja."

"Najua," Mwalimu alisema. "Lakini alifika humo kwa kosa, na bado yumo. Mashine inasema kweli. Nikiifundisha kumruka huyu, kesho nitaifundisha kumruka nani?"

"Basi mfute kwenye orodha."

"Huyo nimeahidi."

Mtaalamu alinitazama mimi, nami nikatazama dirishani. Sheria yao ilikuwa kwamba programu yenye kosa haithibitishwi, hata likiwa moja. Mwezi uliofuata ikaja amri: ya Mwalimu iondolewe, itumike ya makao makuu, ile ya jina la ukoo.

Siku hiyo nilimpandishia sauti mtu aliyenifundisha kushika kalamu. Nilimwambia anawatupa watoto wa kweli kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo. Nikamwambia kuna kina mama mia kambini wanamgojea, na yeye amewauza kwa mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndiyo." Alichukua daftari zake, akatungua kile kiti kipya cha baiskeli ukutani akanipa mimi, akaondoka na baiskeli yake. Nami niliyemfokea ndiye niliyekwenda kupima gauni. Nilikuwa nalijua hilo wakati namfokea, na nikaendelea tu.

Programu ya makao makuu iliuliza jina la ukoo, watu wakataja chochote, ikawapanga kwa hicho chochote. Kulikuwa na Ijumaa sikuwa na hata ukurasa mmoja wa watoto waliopata wazazi. Yule mama alikuja mara mbili tena, akamkosa Mwalimu, akaniuliza mimi kama yumo. Nikamwambia yumo, bila kuangalia. Halafu kambi zikafungwa, watu wakarudishwa ng'ambo kwa siku chache, barabara yote vichwa na magodoro, nami sikumwona kati yao. Ofisi ikafungwa. Niliagizwa nisafishe kompyuta zote mbili kabla hazijachukuliwa, nikazisafisha. Ni kubonyeza herufi moja tu, inakuuliza una hakika, unabonyeza tena.

Miaka michache baadaye nilisikia Mwalimu yuko Kibingo, anaishi kwa mpwa wake, analima. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu bila kwenda. Nilipokwenda, nilimkuta kwenye migomba, anakata majani makavu, na lile koti mwilini. Alikuwa amepungua sana. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Umekuja na baiskeli au gari?"

"Gari, hadi pale njia panda."

"Ulilipa kwenda au kwenda na kurudi?"

Tulikaa barazani. Mpwa wake alituletea ndizi na maharage, tukala, na nikaona nisipolisema pale sitalisema tena. Nikamwambia. Ile Ijumaa sikusoma. Nilikwenda kupimwa gauni.

"Najua," Mwalimu alisema.

"Unajuaje?"

"Nilizibandua zile karatasi mwenyewe. Zile zako zote huwa na alama za penseli. Zile hazikuwa na hata moja."

Jamani. Amekaa na jambo hilo miaka yote, nilipomfokea alikuwa nalo, na hakulisema. Nililia pale mbele ya sahani. Hakunibembeleza; hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinisubiri nimalize, kisha akauliza, "Na yeye? Bado yumo?"

Ningeweza kudanganya. Kwa yule mama nilidanganya bila shida. "Nilizisafisha, Mwalimu. Waliniagiza."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akaingia ndani, nikamsikia akivuta sanduku, akarudi na daftari moja la mistari, jalada limeliwa na mchwa pembeni, na kipande cha penseli. Akanifungulia ukurasa. Walikuwa wale kumi, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Kwenye mstari wa Uwimana, ile sita ilikuwa imekatwa, pembeni imeandikwa saba, nayo imekatwa, nane imekatwa, tisa imekatwa. Iliyobaki ilikuwa kumi. Wale wengine tisa hakuwa amewagusa.

"Soma," alisema.

"Wote?"

"Ulikuwa na deni la kurasa tisa. Nakudai huu mmoja."

Nikasoma kwa sauti, pale barazani, mpwa wake akitushangaa kutoka jikoni. Nilisoma jina, nikaweka alama ya penseli, nikasoma linalofuata. Nilikuwa naenda haraka ili nimalize. Nilipofika kwake akasema, "Rudia hapo," nikarudia: Uwimana, msichana, miaka kumi, kovu goti la kushoto, yupo Kayanga. Mwalimu akainua kidole nisiendelee, nasi tukasubiri kidogo, kama alivyokuwa anasubiri darasani. Kisha akasema, "Anayefuata."